Kabla ya Mchujo: Namna ya Kuwapima Wanaoomba Tiketi ya Chama

Huku kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, ikifika msimu wa siasa utasikia watu wakisema tiketi ndiyo kiti. Wana sababu. Mahali ambapo chama kina ngome, atakayepewa tiketi mwezi wa nne huwa ameshavuka, na uchaguzi mkuu wa Agosti humthibitisha tu. Haiwi hivyo kila mara. Msambweni, katika uchaguzi mdogo wa tarehe 15 Desemba 2020, mgombea huru Feisal Bader alimshinda mgombea wa ODM kwenye kiti ambacho chama hicho ndicho kilichokuwa nacho. Lakini mifano ya namna hiyo ni michache. Kwa wengi wetu, siku tunayochagua kiongozi kwa kweli ni siku ya mchujo, pale chama kinapomchagua mgombea wake, na siku hiyo hujitokeza watu wachache kuliko Agosti, wamejiandaa kidogo kuliko Agosti.

Katiba inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka 2017 na mwaka 2022 vyama vikubwa vilifanya mchujo mwezi wa Aprili. Ukingoja mpaka magari ya vipaza sauti yaanze kuzunguka mtaani, umechelewa. Kazi ya kupima watu inataka miezi, na inataka kufanywa wakati bado kuna utulivu.

Mimi nimekuwa wakala katika mchujo mara mbili, na nimekaa na akina mama wa kikundi chetu cha akiba tukiwapima wawaniaji mmoja mmoja. Ninayoyaandika hapa yametoka huko. Nitazungumzia zaidi kiti cha mwakilishi wadi na cha mbunge, kwa sababu hao ndio tunaoweza kuwajua kwa karibu. Mwaniaji wa ugavana utamsikia redioni, ila mwaniaji wa wadi ulimwona akikua.

Hatua ya kwanza: hakikisha jina lako limo

Sheria ya vyama vya kisiasa ilifanyiwa marekebisho Januari 2022. Tangu hapo mchujo uko wa aina mbili: ule wa moja kwa moja, ambapo wanachama wote wanapiga kura, na ule wa wajumbe, ambapo wachache waliochaguliwa wanapiga kwa niaba ya wengine. Kwa vyovyote vile, anayeshiriki ni mwanachama aliyesajiliwa. Kuvaa fulana ya chama hakukufanyi mwanachama.

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uone umesajiliwa chama gani. Usishangae ukijikuta kwenye chama ambacho hujawahi kukanyaga ofisi yake. Juni 2021 Wakenya wengi walipatwa na hilo, majina yao yameingizwa bila wao kujua. Ukikuta hivyo, jiondoe papo hapo kisha ujiunge na chama unachokitaka. Kama huna simu ya intaneti, mwombe kijana wa nyumbani au nenda kwa wanaotoa huduma hizo sokoni.

Kisha nenda ofisi ya chama uulize: hapa kwetu mchujo utakuwa wa moja kwa moja, wa wajumbe, au chama kitampa mtu cheti bila kura? Jibu lake linabadilisha kazi yako yote. Ikiwa ni wajumbe, basi wa kukaa naye na kumweleza hoja zako ni mjumbe wa eneo lako, tena mapema, kabla hajaitwa hotelini na mtu mwingine.

Hatua ya pili: ijue kazi kabla ya kumjua mtu

Hapa ndipo tunapopotea zaidi, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Mwaniaji wa wadi akisimama chini ya mwembe akasema atajenga shule ya sekondari, ataleta kituo cha polisi na atahakikisha kila skwota amepata hati miliki, watu hupiga makofi. Lakini mwakilishi wadi hana uwezo juu ya hata moja kati ya hayo matatu. Shule za msingi na sekondari, polisi na hati za ardhi ni za serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, maji, kilimo na uvuvi, masoko. Mwakilishi wadi anaketi katika bunge la kaunti akitunga sheria za kaunti, akipitisha bajeti ya kaunti na kumhoji gavana na mawaziri wake pesa zimekwenda wapi. Yeye mwenyewe hashiki mfuko.

Mbunge naye anatunga sheria za nchi, anapitisha bajeti ya taifa na kuisimamia serikali. Kuna pia ule mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF, ambao kwa miaka mingi ndio umejenga madarasa, vituo vidogo vya polisi na ofisi za machifu, na kulipa basari. Kwa hiyo mwaniaji wa ubunge akiahidi darasa, anaongea jambo lililo karibu na mkono wake. Akiahidi zahanati, muulize atapitia wapi.

Kwa nini naweka uzito hivyo hapa? Kwa sababu ahadi isiyolingana na kiti inakueleza moja kati ya mambo mawili. Ama mtu huyu haijui kazi anayoiomba, ama anaijua na ameamua wewe huijui. La pili ni baya kuliko la kwanza. Asiyejua anaweza kufundishwa.

Suala la ardhi liangalie kwa jicho la pekee. Pwani yetu imejaa watu waliozaliwa, wakazeeka na wakazikwa kwenye mashamba wasiyo na karatasi nayo. Kila msimu mtu huja na ahadi ya hati. Mwaniaji mkweli wa ubunge atakueleza njia: atauliza maswali bungeni, atafuatilia wizara, atasukuma upimaji ufanyike, na atakwambia itachukua muda. Mwenye kusema "nikiingia tu, mwaka wa kwanza" hajawahi kufuatilia faili hata moja ya ardhi.

Basi chukua daftari. Juu ya ukurasa andika kiti. Chini yake andika kwa maneno yako kazi tatu au nne za kiti hicho. Jina la mtu lisiandikwe bado.

Hatua ya tatu: tenga mlango na mizani

Kuna makosa yanayopimwa na kuna makosa yanayofunga mlango. Usiyachanganye. Ukiyatia yote kwenye mizani moja, mwizi mwenye ulimi mtamu atapata alama za ulimi na atapita.

Kikundi chetu kilikubaliana mambo matatu yanayomtoa mtu nje kabla ya kupimwa: amekula pesa za watu na ushahidi upo, amewahi kutuma vijana wapige watu au amechochea kabila moja, dini moja au ukoo mmoja dhidi ya mwingine, na amedanganya kuhusu jambo la msingi kama masomo yake au kazi aliyofanya. Kikundi chenu kinaweza kuwa na orodha tofauti. Cha muhimu iwe imeandikwa kabla ya majina.

Usifikiri sheria imekufanyia kazi hii. Katiba ina Sura ya Sita kuhusu uadilifu, ndiyo. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 99, inasema mtu hazuiwi kugombea ubunge kwa sababu ya hukumu mpaka nafasi zote za kukata rufaa ziishe, na kwa wawakilishi wadi kuna kifungu kama hicho. Rufaa zetu mnajua zinavyochukua miaka. Mwaka 2022, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, iliwasilisha kwa tume ya uchaguzi majina 241 ya wawaniaji wenye maswali ya uadilifu, na wengi wao wakaidhinishwa kugombea. Basi mlango wa mwisho ni wewe. Mtu kuruhusiwa na sheria kugombea hakumaanishi umechunguziwa.

Haki pia itendeke. Tetesi si ushahidi. Msimu wa mchujo watu hutungiana, hasa wiki mbili za mwisho. Jambo likiwa zito, tafuta karatasi, au watu wawili watatu waliokuwepo ambao hawamfanyii kampeni mwaniaji yeyote. Ukikosa, liache nje ya daftari hata kama linakuuma.

Hatua ya nne: fukua rekodi yake

Aliyekuwa kwenye kiti ndiye rahisi zaidi kumpima, na ndiye tunayempima vibaya zaidi, kwa sababu tunapima mazishi aliyohudhuria. Kwa mbunge, kumbukumbu za Bunge, yaani Hansadi, ziko kwenye tovuti ya Bunge. Soma alisema nini kuhusu mambo yanayokuhusu. Shirika la Mzalendo nalo hutoa ripoti za nani amezungumza bungeni na nani amekaa kimya. Tahadhari moja: kuzungumza mara nyingi hakutoshi, maana kazi kubwa hufanyika kwenye kamati, na wapo wanaosimama kutoa pongezi tu. Lakini mtu aliyenyamaza miaka mitano amejieleza.

Pesa zifuate kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ofisi yake hutoa ripoti za kila kaunti na za mfuko wa kila eneo bunge, na zinapatikana kwa umma. Ni ripoti ndefu, usiogope. Tafuta sehemu zinazosema mradi umelipiwa na haujakamilika, kisha nenda ukautazame kwa macho yako. Sisi tulikwenda watu wanne kwa bodaboda kuona tangi la maji lililoandikwa kwamba limekamilika. Tulikuta msingi, mabati mawili na mbuzi wamejipumzisha kivulini. Tulipiga picha, tukaandika tarehe.

Ukikosa habari unayoitaka, iombe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua fupi, taja waraka unaoutaka, weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Ndiyo maana nasema anza mapema: ukiandika barua wiki ya mchujo, jibu litakukuta umeshapiga kura.

Kwa mgeni kwenye siasa, tafuta mahali alipowahi kushika cha watu. Kila mtu mzima kijijini ameshika kitu: uenyekiti wa bodi ya shule, ukamanda wa ufuo wa wavuvi, kamati ya kisima, uhazini wa msikiti au kanisa, chama cha akiba. Nenda kwa wenzake wa wakati huo, uulize maswali ya kawaida sana. Vitabu vya hesabu alivikabidhi? Alikuwa akichelewa? Alipokosolewa alifanyaje? Alipoondoka, mradi uliendelea au ulikufa naye? Kesi za mahakamani unaweza kuzitafuta bure kwenye tovuti ya Kenya Law kwa jina lake, ila angalia usimchanganye na mwenye jina kama lake. Huku kwetu majina yanafanana.

Mfanyabiashara mwenye kandarasi za kaunti anastahili swali la ziada. Akiingia bunge la kaunti, ndiye atakayekuwa akiwahoji wale wanaomlipa. Muulize mbele ya watu atafanya nini na kampuni yake.

Hatua ya tano: mkalishe chini, usimsikilize jukwaani

Jukwaani kila mtu ni hodari. Mwiteni kikundini, mahali penu, watu wasiozidi thelathini, bila muziki, bila chakula chake. Mwambieni mapema kwamba hamtapokea kitu. Baadhi hawatakuja wakisikia hivyo, na hilo nalo liandikwe.

Wote waulizwe maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Haya ndiyo yaliyotufaa sisi:

– Taja kitu kimoja ambacho kiti hiki hakiwezi kukifanya. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Anayejibu vizuri ameisoma kazi.

– Kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kilifanyika wapi mara ya mwisho, nawe ulichangia nini? Kaunti inatakiwa ipeleke makadirio ya bajeti bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, kwa hiyo vikao havikosekani. Mtu anayetaka kupitisha bajeti ya watu na hajawahi kuketi kikao hata kimoja ana maelezo ya kutoa.

– Ukitofautiana na chama au gavana wa chama chako kuhusu jambo la wadi hii, utasimama wapi? Omba mfano wa mara aliyowahi kupingana na mkubwa wake.

– Kampeni hii inalipiwa na nani? Hatapenda. Tazama uso.

– Ukikosa tiketi utafanya nini? Sheria imembana asirukie chama kingine dakika ya mwisho, lakini anaweza kwenda kama mgombea huru akitimiza masharti, na wengine huenda. Jibu litakuonyesha kama anakitaka kiti au anaitaka kazi.

Siku moja tulikuwa na mwaniaji mmoja mzuri wa maneno, amekuja na gari jipya. Alipomaliza, nyanya mmoja aliyekuwa amekaa kimya kwenye mkeka akamuuliza, "Mwanangu, kabla hujawa na hili gari, msiba ukitokea huku ulikuwa ukija?" Yule kijana akasema, "Nyanya, nilikuwa Mombasa kikazi." Nyanya akamwambia, "Mombasa hata mimi huenda na kurudi." Hakuna aliyeongeza neno. Swali lile liliingia kwenye daftari letu la msimu uliofuata.

Neno moja kuhusu wanawake, na ninalisema kwa uchungu. Mwanamke akiomba tiketi, anaulizwa mumewe yuko wapi, anaulizwa alikozaliwa na alikoolewa, na akiwa ameolewa nje anaambiwa arudi akagombee huko. Mwanamume mwenye nyumba tatu hatuulizi hata moja. Mwaka 2022, kati ya maeneo bunge 290, wanawake waliochaguliwa walikuwa 29. Wengi huangukia kwenye mchujo, kabla nchi haijawaona. Na si kwamba hawawezi: jirani zetu wa Kwale walimchagua Fatuma Achani kuwa gavana mwaka huo huo, baada ya kuwa naibu gavana na watu kuiona kazi yake. Basi kama kuna swali hamtamuuliza mwanamume, na mwanamke asiulizwe.

Hatua ya sita: pimeni kwa kunde

Hii ni njia yetu ya kikundi. Haihitaji kompyuta, wala kujua kusoma.

Kabla ya kutaja jina lolote, kila mtu hupewa punje kumi za kunde. Mbele yake kuna vikombe vitano: kuijua kazi, rekodi, uadilifu, kufikika kwake na watu, na uwezo wa kushinda Agosti. Kila mmoja agawe kunde zake kwa kadiri anavyoona jambo lina uzito. Kisha jumlisheni mpate wastani wa kikundi. Sisi tulipata hivi: kuijua kazi 3, rekodi 3, uadilifu 2, kufikika 1, kushinda 1. Andikeni, mtu wa tatu ashuhudie, na baada ya hapo hakuna kubadilisha.

Sasa leteni majina. Kila mwaniaji apewe alama kutoka 0 hadi 5 kwa kila kikombe, kisha zizidishwe na uzito wake. Chukua mwalimu mstaafu aliyeongoza kamati ya maji: kuijua kazi 4, rekodi 4, uadilifu 5, kufikika 4, kushinda 2. Hesabu ni 12 na 12 na 10 na 4 na 2, jumla 40 kati ya 50. Mkandarasi kijana: 2, 3, 3, 4, 4. Inakuja 6 na 9 na 6 na 4 na 4, jumla 29. Aliye kwenye kiti: 4, 2, 2, 1, 4. Hiyo ni 12 na 6 na 4 na 1 na 4, jumla 27.

Msisitizo wangu uko kwenye mpangilio. Uzito kwanza, majina baadaye. Mara ya kwanza tulifanya kinyume, na mama mmoja, mwenye mpwa wake kwenye kinyang'anyiro, akataka uadilifu upunguzwe punje moja na kufikika kuongezwe. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo tulivyo wote, tukishampenda mtu tunaipinda mizani imfuate.

Kuhusu kikombe cha kushinda Agosti, mtabishana sana. Kuna wanaosema mtu mzuri asiyeweza kushinda ni kura iliyotupwa. Katika ngome ya chama hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa tiketi yenyewe inambeba. Mahali ambapo vyama viwili vinakaribiana, ipe punje mbili au hata tatu, na mjiulize nani anakubalika nje ya wanachama wenu. Anayeshangiliwa na chama peke yake anaweza kuwaangusha.

Tofauti ikiwa ndogo, tuseme alama mbili tatu, msiifanye msahafu. Rudini mkazungumze.

Hatua ya saba: pesa, wimbi na foleni

Watakuja na leso, unga na noti za mia mbili usiku wa kuamkia kura. Najua njaa ni nini na simhukumu mama aliyepokea unga. Ninachoomba ni kwamba daftari liwe limeshafungwa kabla ya unga kufika. Uamuzi uliofanywa wiki tatu nyuma ni mgumu kununua kwa mia mbili. Na igawe hiyo mia mbili kwa siku za miaka mitano, ambazo ni 1,826 hivi, uone umelipwa nini kwa siku.

Wimbi nalo ni hatari yake. Mtu atakwambia chagua suti, yaani wote wa mrengo mmoja kutoka juu mpaka chini. Katika mchujo suti haina maana, wote wanaoshindana ni wa chama kimoja. Kinachoitwa suti hapo ni orodha ya mtu mkubwa anayetaka watu wake.

Wazee wetu wanakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, pale KANU, chama kilichotawala wakati huo, ilipowapanga wanachama foleni nyuma ya wawaniaji, na aliyezidisha asilimia 70 akapita bila kura ya siri. Kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, watu wakiona. Mfumo huo KANU ikaufuta Desemba 1990. Kura ya siri unayopiga leo ina gharama yake, kwa hiyo usimwonyeshe mtu karatasi yako, wala usiipige picha kwa ajili ya bosi wa mtu. Na mkiitwa kikao cha "maelewano" ili mmoja aachiwe, ombeni kura ya siri humo humo ndani.

Hatua ya nane: siku yenyewe, na siku inayofuata

Nenda mapema, beba kitambulisho, maji na subira. Mchujo wa vyama haujapangwa vizuri kama uchaguzi wa Agosti. Tarehe 21 Aprili 2017 chama cha Jubilee kililazimika kufuta mchujo wa siku hiyo na kuupanga upya, kwa kuwa karatasi za kura zilichelewa na kukosekana katika vituo vingi. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kituoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, karatasi zikafika saa kumi jioni, tukahesabu kwa tochi za simu.

Kwa hiyo kubalianeni angalau wawili wabaki mpaka kura zihesabiwe. Andikeni saa kituo kilipofunguliwa, idadi ya waliopiga, matokeo yaliyosomwa kwa sauti, majina ya mawakala waliotia sahihi. Pigeni picha fomu. Malalamiko hupelekwa kwanza kwenye kamati ya chama, kwa maandishi, kisha kwenye Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na baadaye Mahakama Kuu. Jopo litataka kuona kwamba mlijaribu kumaliza ndani ya chama, na muda ni mfupi mno. Asiye na fomu hana kesi.

Mwalimu wetu mstaafu alikosa tiketi, kwa kura ambazo ungeweza kuzipakia kwenye matatu moja. Hatukumwacha arudi nyumbani. Tulimwomba awe anatusomea makadirio ya kaunti kila Aprili, kwa kuwa anayajua, naye akakubali. Daftari tunalo bado, limefungwa kwa kamba nyuma ya mlango wa mweka hazina wetu, na kurasa zake za mwisho ni ahadi za aliyeshinda. Kila ahadi ina tarehe aliyoitoa, na nafasi tupu pembeni.